Zima Injini Kwanza

Mimi ni mtu asiyeweza kukaa karibu na kitu kibovu. Mlango ukilia, chakula hakishuki mpaka niupake mafuta. Mke wangu alizoea kusema kwamba nikifika mbinguni nitakagua bawaba za lango kabla ya kusalimia mtu. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani kwamba yaliyotokea yalitokana na uvivu. Uvivu ungetuokoa. Mvivu angeliacha lile gari jinsi lilivyokuwa, na mama mkwe wangu angefika kwake kwa wakati.

Nilikuwa fundi katika karakana ya jeshi, Jinja. Miaka ya tisini ilipoanza jeshi lilipunguzwa, nami nikapunguzwa nalo. Nikahamia Walukuba, katika zile nyumba zilizojengewa wafanyakazi wa viwanda, vyumba viwili na ua wa kufulia. Sare nilirudisha, lakini majirani waliendelea kuniita Afande, na sikuwakataza. Kwa kile nilichopewa wakati wa kuondoka nikanunua pikapu.

Ilikuwa pikapu kubwa ya Kimarekani, kijani kilichochujuka, imeachwa na wageni waliokuja kujenga wakamaliza. Ilikuwa otomatiki. Siku zile otomatiki zilikuwa chache mjini kwetu na mafundi walizikwepa. Haina klachi. Mkono wa gea umekaa shingoni mwa usukani, ukishauweka kwenye herufi ya kwenda mbele basi, gari linabadilisha gea lenyewe. Mwenzangu mmoja tuliyetoka naye karakanani aliizunguka mara mbili akatikisa kichwa.

"Afande, hii gari iko na akili yake," aliniambia. "Siku itakataa, utaiambia nini?"

Nilimwambia kwamba nimefufua malori yaliyokufa kabla yeye hajajua kushika spana. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nimesifiwa miaka kumi na miwili.

Sasa nieleze sheria moja, maana bila hiyo hamtanielewa. Mwalimu wetu karakanani alikuwa sajini mzee ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilichukuliwa na feni ya injini. Kwa hiyo alitufundisha jambo moja kabla ya yote: zima injini kwanza. Kabla hujagusa boneti, kabla hujapima mafuta, kabla hujainama, zima injini. Aliyesahau alikimbia kuzunguka uwanja na tairi la lori shingoni. Mimi nilikimbia siku moja tu. Tangu hapo mkono wangu ulikuwa unazima injini wenyewe, hata kabla sijafikiria ninataka kutazama nini.

Basi wiki ya kwanza nikaifungua boneti ya pikapu yangu, injini imezimwa kama nilivyofundishwa, nikachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi. Mafuta ya otomatiki si kama ya injini. Ni mekundu, mepesi, yana harufu kali kidogo. Nikaona yamepita alama ya juu kwa upana wa vidole vitatu. Nikacheka. Wale wageni, nikasema, kazi yao yote ni kujaza mpaka kumwagika. Nikaingiza mpira mwembamba kwenye bomba la kipimo, nikavuta kwa mdomo kama tunavyovuta petroli, nikatema, nikayaacha yateremke kwenye kopo mpaka kijiti kiliposoma sawasawa.

Gari likaenda siku mbili. Siku ya tatu asubuhi nikapima tena, nikakuta yamepanda juu ya alama.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa raha. Mafuta hayawezi kuzaana. Nikafikiri labda maji ya rejeta yanaingia, lakini maji yangeyafanya yawe meupe, na haya yalikuwa mekundu safi. Nikavuta tena. Baada ya wiki yakapanda tena, nikavuta tena. Niliwapa majirani. Fundi cherehani wa mtaa wa pili alipata chupa, na wale wa boda boda za baiskeli walikuja na vikopo vyao kupaka minyororo. Nusu ya baiskeli za Walukuba zilikuwa zinateleza kwa mafuta ya giaboksi yangu, nami nilijiona mkarimu.

Halafu gea zikaanza kugoma. Kwanza lilichelewa kutoka gea ya kwanza kwenda ya pili; injini inapiga kelele, watu barabarani wanageuka, kisha gari linajikwaa mbele kwa kishindo. Ukirudi nyuma, unaweka herufi ya kurudi, unahesabu mpaka tano, ndipo linashtuka. Likipata moto ndiyo kabisa: unakanyaga, injini inanguruma, magurudumu hayana habari. Unasimama nusu saa, linapoa, linakwenda vizuri tena kana kwamba ulikuwa unalisingizia ubaya.

Sikulala vizuri mwezi mzima. Nilikuwa naamka alfajiri kabla ya adhana na kutoka na taulo kiunoni kulitazama. Nilifungua sahani ya chini nikasafisha filta. Nilikaza kebo inayotoka kwenye pedali. Nilikuta kimpira kinachopeleka mvuto wa hewa kutoka injini hadi giaboksi kimepasuka, nikaweka mpira wa dripu niliopewa na nesi, ukakaa vizuri sana, na kwa siku moja niliamini nimemaliza. Kila kazi niliifunga kwa kupima mafuta. Kila nilipopima, injini ilikuwa imezimwa. Na kila yalipozidi, nilivuta.

Katika mwezi huo mke wangu akajifungua mtoto wetu wa kwanza, na mama yake akaja kutoka upande wa Mbale kumwogesha.

Mimi natoka kaskazini. Mke wangu ni Mgisu, na nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu hiyo ndiyo lugha tuliyokutana nayo njiani. Kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawashikani mkono, hawakai chini ya dari moja. Si chuki. Ni heshima, na heshima hiyo ina kazi nyingi. Mama alilala kwa mjane mmoja wa kwao, nyumba ya nne kutoka kwetu. Asubuhi alikuwa akifika uani anakohoa mara mbili, nami nachukua spana zangu natokea mlango wa mbele. Katika wiki tatu nilizifahamu sandali zake, pindo la gomesi yake, lile gauni refu la akina mama wa Uganda, na kikohozi chake. Neno lolote lilipitia kwa mke wangu. Kiswahili alikuwa nacho kidogo lakini hakukitumia. Kwa watu wa umri wake kilikuwa lugha ya wenye bunduki, na hakuna aliyeisahau ile miaka ya utawala wa wanajeshi.

Alikuwa ameacha jambo zito nyumbani. Ulikuwa mwaka wa tohara, maana Wagisu hutahiri vijana wao katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na kitinda mimba wake alikuwa ameshaanza kucheza ngoma na njuga mapajani, anazunguka kwa wajomba. Kijana anakatwa akiwa amesimama uani mbele ya watu wote, na hatakiwi kupepesa jicho. Mama yake haangalii. Anakaa ndani ya nyumba, ameshika nguzo ya katikati kama alivyoshika alipokuwa anamzaa, mpaka asikie filimbi kwamba mwana amesimama imara. Kwa wana wake wanne wa mwanzo aliishika ile nguzo. Huyu alikuwa wa tano na wa mwisho.

Habari ikaja kwamba siku ni Jumamosi, saa nane mchana. Mama akataka kuondoka Alhamisi kwa basi.

Mimi nikakataa. Nilimwambia mke wangu amwambie kwamba mama aliyekuja kumwogesha mwanangu hawezi kurudi kwa basi kama mgeni asiye na mkwe, na gari langu liko mlangoni. Nilitaka watu wa kule wamwone anashuka kutoka kwenye gari la mkwe wake, mwanajeshi aliyewatia hofu siku ya posa. Mke wangu aliniangalia.

"Afande," alisema, na aliponiita hivyo ilikuwa kejeli, "hiyo gari jana ilikataa kupanda hata pale sokoni."

"Kesho nalimaliza."

Ijumaa nilishinda chini yake. Jioni nililijaribu hadi Wanyange, nikapanda kilima, nikashuka, nikapanda tena. Lilibadilisha gea vizuri. Umbali ulikuwa mfupi na giaboksi haikupata moto, lakini hilo sikutaka kulifikiria. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilipima mafuta, nikakuta yamezidi kidogo, nikavuta kiasi cha glasi moja ili safari isiwe na dosari.

Mama alikaa nyuma, kwenye kiti cha mbao nilichokifunga kwa kamba, mgongo wake ukielekea kioo chetu, mwavuli mkononi. Mbele tulikaa mimi na mke wangu na mtoto. Hivyo ndivyo tulivyoondoka Jinja, na mpaka Iganga nilikuwa napiga mluzi.

Baada ya Iganga sauti ilibadilika. Unajua mtoto anapoanza kununa kabla hajalia. Gea ya tatu ilikuja kwa kuchelewa, ikatoka, ikarudi. Nikapunguza mwendo. Karibu na Bugiri injini ikaruka juu yenyewe na gari likabaki linatambaa. Nikaegesha, nikazima, nikafungua boneti, nikangoja lipoe. Sikujua nimkasirikie nani. Nikapima: yamezidi. Nikachukua mpira wangu, nikavuta tena, nikayatema majanini, na nilipoinua kichwa nikaona kivuli cha mwavuli ardhini hakitikisiki. Mama alikuwa amegeuka kidogo kitini upande wangu. Nikainamisha macho haraka.

Tulikuwa bado hapo basi likaja kutoka nyuma. Lilipunguza mwendo, kondakta akatoa kichwa.

"Mbale! Mbale! Siti iko mbili!"

Mke wangu alikwenda nyuma wakanong'ona. Akarudi mtoto begani.

"Mama anauliza kama apande."

Ilikuwa bado saa tatu asubuhi. Basi lile lingemfikisha mapema mno. Ninakumbuka kila kitu cha dakika ile: vumbi kwenye kope za kondakta, injini ya basi ikigonga vizuri kwa sauti ya gari lenye afya, na aibu iliyonipanda mpaka masikioni.

"Mwambie tunafika," nilisema. "Kosa nimeliona. Sasa liko sawa."

Sikuwa nimeona kosa lolote. Mke wangu akapeleka uongo wangu kwa mama yake, na basi likaondoka na siti zake mbili.

Likapoa, tukaenda. Kilometa kumi, labda kumi na mbili, likagoma. Likapoa, tukaenda kilometa sita. Safari ile nzima sikuwa na kiungo kilichotulia. Jicho lilikuwa linakimbia kutoka saa ya mkononi kwenda kwenye kipimo cha joto, kichwani nazipanga upya sehemu zote za giaboksi ambayo sikuwahi kuifungua. Mtoto alilia, akanyonya, akalia.

Mara ya nne tuliposimama, stata nayo ikakataa. Ukigeuza ufunguo unasikia tiki moja tu. Wanaume waliokuwa wanalima kando ya barabara waliacha majembe wakaja, kwa wema tu, wakaweka mabega nyuma ya gari.

"Tia gea ya pili, mzee! Sisi tunasukuma!"

Ikabidi niwaeleze kwamba gari hili haliwaki kwa kusukumwa. Hawakuniamini. Mmoja aliniuliza kama nimeliiba, ndiyo maana silijui. Wenzake wakacheka, na mama mkwe wangu akiwa kitini juu ya mabega yao, anasikia yote. Nililala chini nikaigonga stata kwa spana kubwa, mara tatu, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na mke wangu alipogeuza ufunguo injini ikawaka.

Kuanzia hapo nilijua sitaizima tena mpaka Mbale.

Jiwe la Tororo, lile jabali lililo juu ya mji, lilikuwa limeshaonekana, kubwa na karibu, gari lilipokufa kabisa. Injini ilikuwa inawaka, herufi iko mahali pake, nakanyaga, na hakuna kitu. Hata kutambaa halikutambaa. Saa sita na robo. Nikashuka nikiacha linanguruma, nikafungua boneti. Mkono wangu ukaelekea dirishani kwenye ufunguo, kwa mazoea, nikaushika kwa mkono mwingine. Feni ilikuwa inazunguka mbele ya kifua changu. Sikuwahi tangu niwe fundi kuinama juu ya injini inayowaka, na nawaapia niliwaza vidole vya sajini. Nikaingiza mkono pembeni, nikachomoa kijiti.

Kilikuwa kikavu.

Nikakifuta kwa shati, nikakirudisha, nikakichomoa. Kikavu, na ncha yake imebadilika rangi kwa moto. Nikafanya hivyo mara tatu. Nilisimama pale na kijiti mkononi, lori likapita likanipulizia vumbi, na jambo lote likajipanga kichwani mwangu lenyewe bila mimi kulitaka. Injini ikizimwa, mafuta yote yaliyo juu, kwenye mabomba na matumbo ya giaboksi, yanateremka chini kidogo kidogo kadiri gari linavyokaa, na kijiti kinaonyesha yamezidi. Ikiwaka, yanapanda kufanya kazi, na hapo ndipo yanapopimwa. Wale wageni hawakujaza kupita kiasi. Gari halikuzaa mafuta. Halikuwa na ugonjwa wowote siku nilipolinunua. Mimi ndiye niliyelinyonya kwa mdomo wangu, glasi kwa glasi, mwezi mzima, nikigawa mtaani. Asubuhi ile ile nimelinyonya, na Bugiri nimelinyonya tena mbele ya macho yake.

"Nini?" mke wangu aliuliza dirishani.

"Mafuta yamepungua," nilisema. Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo mkubwa kuliko wa kwanza.

Nikasimamisha boda boda ya baiskeli, nikapanda nyuma, mimi na kilo zangu zote, nikamhimiza yule mwendeshaji mpaka akatishia kunishusha. Mjini Tororo, kwa sababu ya matrela yanayotoka mpakani, maduka yana mafuta mekundu ya steringi, na ni yale yale. Nikachukua makopo matatu. Kurudi, upepo ulikuwa wa mbele na yule kijana alichoka, nikashuka nikakimbia kando ya baiskeli na makopo kifuani. Niliwakuta jinsi nilivyowaacha. Mke wangu amekaa nyuma na mama yake chini ya mwavuli, mtoto amelala, injini inawaka.

Nikamimina huku inanguruma, napima, namimina, napima. Iliingia lita mbili na zaidi. Nikaketi, nikaweka herufi, gari likaondoka kama lililokuwa linangoja ruhusa tu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila mshtuko, bila hata kusikika. Na hapa niseme ukweli unaoniumiza zaidi: nilifurahi. Saa saba na nusu, mama wa watu anachelewa kwa mwanawe wa mwisho, na mimi fundi nilitabasamu kwa sababu gea zilikuwa zinaingia vizuri. Mke wangu aliliona lile tabasamu. Akageuza uso dirishani.

Nilikimbiza. Saa nane ilitukuta njiani. Tulipoingia Mbale barabara zilijaa watu wa ngoma, vijana waliopakwa unga na wapambe wao na matawi, nikalazimika kwenda hatua kwa hatua, nikipiga honi, nikitukana ndani kwa ndani. Tukapita Namakwekwe, tukaacha lami, tukaanza kupanda. Gari lilipanda kile kilima bila kusita hata mara moja.

Filimbi tulizisikia kabla ya kufika. Mke wangu alifunga macho. Uani watu walikuwa wanacheza, na katikati kijana alikuwa ameshakalishwa kwenye kigoda, shuka limemfunika mabega, uso wake mweupe kwa unga na umetulia kabisa. Chini ya miguu yake udongo ulikuwa umelowa. Ilikuwa saa tisa na dakika chache.

Nikazima injini.

Wazee walinijia kunisalimia, kwa heshima, wakiniita bwana. Mmoja aliuliza kwa Kiswahili tumepatwa na nini. Nilifungua mdomo kusema ni mimi. "Gari ni la zamani," nikasema. Wakaitikia kwa huruma. Wakalizunguka, wakalisifu kwamba hata hivyo limefika. Shangazi wa kijana alikuwa ameshika nguzo kwa niaba ya mama, wakasema, hakuna kilichoharibika, mwana amesimama kama mti.

Pembeni ya jicho niliziona zile sandali zikishuka kutoka nyuma ya gari. Gomesi ilikuwa imebadilika rangi kwa vumbi la njia nzima. Watu walimfungulia njia wakifikiri anakwenda kwa mwanawe. Hakwenda. Alipita pembeni ya ngoma, hakumgusa mtu, akaingia ndani ya nyumba, na mlango ukarudishwa.

Mke wangu alimfuata, kisha akatoka peke yake.

"Ameshika nguzo," aliniambia.

"Lakini wameshamaliza."

"Najua wameshamaliza. Na yeye anajua."

Nilikaa kwenye bodi ya gari. Nikasimama. Nikakaa tena. Niliona nikiliacha jua lishuke na neno lile la uongo, nitazeeka nalo. Mila ilikuwa imenipa pa kujificha: sipaswi kumwona, kwa hiyo sipaswi kumwambia, kwa hiyo gari ni la zamani. Lakini kwao, ukuta ukiwa katikati, mkwe anaruhusiwa kusema. Nikazunguka nyuma ya nyumba, mahali pa kuni, nikasimama nimeupa ukuta mgongo. Nikakohoa mara mbili.

Sikungoja jibu.

"Mama," nilisema. "Haikuwa gari. Gari lilikuwa zima. Mimi ndiye niliyetoa mafuta yake, kila siku, nikidhani natengeneza. Na lile basi, nilisema uongo. Sikuwa nimeona kosa."

Ngoma upande wa pili zilibadilisha mpigo. Nilisikia kitu kikisugua udongo, labda miguu yake. Nikangoja. Nilidhani hakunielewa, au ameniacha nizungumze na ukuta, na nilikuwa nimeshaanza kuondoka aliposema, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitamka neno zima.

"Mukwe. Mutoto alisimama?"

"Alisimama, Mama. Wanasema alisimama kama mti."

"Wewe uliona?"

"Hapana. Sikuona."

Miguu yake ikasugua udongo tena.

"Basi mimi na wewe," alisema, "watatuambia tu."